Mkono wa Nickson Nimeuvunja Mimi

Gonja, Same,
18 Februari 2024.

Mpendwa mdogo wangu Ebenezer,

Nakusalimu kwa upendo mwingi, wewe na mke wako Diana na watoto. Natumaini baridi ya huko Sumbawanga haijawazidi, na kwamba kile kifua cha yule mdogo kimetulia. Mimi mwili una nguvu, ila mdomo unaniuma na jino moja la mbele sinalo tena. Sababu yake utaisoma humu humu.

Mvua huku bado. Mahindi ya juu yanavumilia, ya chini yameshakunja majani. Tangawizi tunamshukuru Mungu.

Nimeandika barua kwa sababu simu imenishinda. Ukinipigia, Mama yuko pembeni anasikiliza, nami nikianza kueleza hasira inanipanda, napiga kelele, unakata. Karatasi haikati. Mwalimu Asheri anahamia huko kwenu, ndiye aliyeibeba.

Umeambiwa kwamba Wamasai wa bondeni walimvamia ndugu yetu Nickson wakamvunja mkono, na kwamba wanaume wa huku walishuka kumtetea. Ebenezer, huo ni uongo. Mkono wa Nickson nimeuvunja mimi, kwa mchi wa kinu cha Mama, na sijutii. Kaa chini usome.

Ilikuwa siku ya msaragambo, ile kazi yetu ya pamoja ya kijiji. Wanaume wote walikuwa juu wanazibua ndiva, bwawa letu lililojaa matope, ili mvua ikija tupate maji ya kumwagilia. Zamu ya kupika ilikuwa ya nyumba yetu. Nilibandika makande kwenye lile sufuria kubwa la harusi yako, lakini maharage yalikuwa ya mwaka jana, magumu kama kokoto. Mama alikaa jikoni tangu asubuhi na bakuli lake la bati la bluu mapajani, akinisumbua kama unavyomjua. Tia magadi, Dorkasi. Watu watashuka na njaa, tia magadi.

Magadi nilimwagiza Nickson jana yake alipopeleka tangawizi mnadani. Nikampigia simu. Akasema yako kwenye gari, nyuma ya kiti, nichukue mwenyewe, yeye yuko dukani. Gari ni ile Probox yako uliyomwachia, nayo huwa anaiegesha uani kwangu kwa sababu kwangu kuna uzio.

Nikafungua mlango wa nyuma, harufu ya tangawizi ikanipiga. Gari lile limebeba tangawizi mpaka viti vyenyewe vinawasha pua, huwezi kunusa kitu kingine humo. Nyuma ya kiti cha dereva nikakuta mfuko wa nailoni umefungwa fundo, ndani yake chenga za kijivu. Nani angefikiria kitu kingine? Nikamimina kiasi kwenye jiwe la kusagia nje ya jiko, nikaponda, nikakoroga na maji kwenye kata. Chenga chache zikaanguka chini.

Yule tetea mwekundu wa Mama akaja akadonoa. Nilikuwa nimeshika kata mkononi, naingia jikoni. Nikasikia mabawa yanapiga ukuta. Nilipogeuka kuku alikuwa amelala chali, shingo imepinda nyuma, miguu inachapa hewa, povu linamtoka. Alikufa nikimwangalia.

Nilisimama mlangoni na kata ile sijui kwa muda gani. Sufuria linachemka. Mama ananiambia tia, unangoja nini. Macho yake unayajua, kuku yule hakumwona. Nikamwambia magadi yameisha. Akanigombeza.

Niliimwaga kata kwenye shimo la choo, kile kilichobaki kwenye jiwe nikakifukia, nikanawa mikono kwa majivu mpaka ngozi ikauma. Mfuko nikaufunga kiunoni ndani ya kanga. Baadaye magadi yenyewe yalipatikana chini ya tairi la akiba, kwenye nailoni ya aina ile ile.

Nickson akaja kuchukua gari. Nilimuuliza ule mfuko ni wa nini. Akasema dawa ya panya. Nikamwuliza ni panya wangapi hao, maana mfuko ulikuwa mzito kuliko wa sukari. Ndipo akakasirika. Unajua ng'ombe wa Lazaro, yule Mmasai, waliingia kwenye shamba la Nickson la bondeni mwezi wa kwanza wakala mahindi yote, na unajua walipigana, Nickson akala rungu la bega. Mimi nilidhani limekwisha. Baraza la kijiji lilikaa, Lazaro akatoa mtamba, Nickson akampokea, na akashikana mkono na Lazaro mbele ya watu.

Kumbe mkono ulikuwa wa baraza tu. Akaniambia kesho yake asubuhi na mapema akina Lazaro watanywesha ng'ombe kwenye lambo, na kabla ya hapo yeye atakuwa ameshapita na ule mfuko. Nilimwambia Nashipae anachota maji pale pale. Nashipae mke wa Lazaro, anayeniletea maziwa siku zote, aliyenilaza begani kwake tulipomzika mume wangu, baba Naomi. Watoto wake wanaoga pale. Watakunywa nini?

Ndugu yetu alinijibu neno moja.

"Wahame."

Nikamwambia mfuko haupati. Akanipiga ngumi ya mdomo. Mdogo wangu niliyembeba mgongoni, Ebenezer, niliyemtafunia karanga hana meno. Nilianguka juu ya kuni, damu ikajaa kinywani, nikatema jino. Akanipiga kwa goti tumboni, akanichania kanga, akauchukua mfuko akakimbilia garini. Alikuwa ameshafungua mlango.

Mchi ulikuwa umeegemea kinu. Niliunyakua nikamfuata. Akageuka, akainua mkono kujikinga, nikaushusha kwa nguvu zangu zote. Niliusikia mfupa. Mkono ukaning'inia. Nikapiga tena, nikampata begani, lile lile la rungu. Alianguka chini anapiga mayowe, na kama asingeanguka ningempiga kichwani, nakwambia kweli. Sikuwa na ndugu mbele yangu pale. Nilikuwa naona bakuli na lambo basi.

Mama akatoka anapapasa ukuta, anauliza nani anaua mwanawe. Mwanawe akamjibu kwamba Dorkasi ana wazimu, anataka shamba. Nikauokota mfuko, nikaingia ndani kuufungia kwenye sanduku la bati. Hilo ndilo kosa langu la siku ile, kumwacha aende. Nilipotoka hakuwepo.

Alikutana na wanaume wa msaragambo wanashuka kutoka ndiva, wana njaa, wana majembe na mapanga mabegani. Wakamwona mkono unaning'inia na shati limejaa damu. Wakamuuliza ni nani aliyempiga. Angeweza kusema gari limempindukia. Angeweza kusema ameanguka. Alisema Wamasai.

Yowe likapigwa. Nililisikia nikiwa uani, na nilipochungulia barabarani nikaona vumbi lao wanateremka mbio kwenda bondeni, Hezroni mwenyekiti wa kitongoji yuko mbele. Nilijua wanaenda wapi. Nikamshika miguu yule kuku aliyekufa, nikashika mchi, nikakimbia. Mimi na magoti yangu haya.

Lazaro hakuwa hata nyumbani kwake. Walimkuta korongoni anapandisha mbuzi wawili wa kuuza, peke yake, ana fimbo. Hakujua lolote. Aliwasalimia. Waliniambia wenyewe baadaye, kwa aibu, kwamba aliwasalimia kwa Kipare.

Nilipofika alikuwa chini. Walikuwa wanampiga kwa mipini ya majembe, kila mmoja anamsukuma mwenzake ili apate nafasi. Watu tunaosali nao, Ebenezer. Watu walioimba kwenye harusi yako. Mbuzi mmoja alikuwa amekatwa shingo bila sababu yoyote, yuko anarusha miguu majini. Lazaro alikuwa amejikunja na uso wake siutambui, mavazi mekundu na damu havitofautishiki, jicho moja limetoka mahali pake. Alikuwa bado anasema kitu kwa Kimasai, taratibu, kama mtu anayeomba. Hezroni alikuwa ameinua panga.

Nilipiga kelele hakuna aliyenisikia. Basi nikamshushia Hezroni mchi mgongoni. Panga lilimtoka, akaenda kwa magoti. Mwingine akanishika nywele, nikamchoma kwa ncha ya mchi tumboni. Nikasimama juu ya Lazaro, mguu huku na mguu huku, damu inanichuruzika kidevuni.

"Nickson nimempiga mimi!" nikawaambia. "Mimi Dorkasi! Nani anataka kulipa kisasi? Aje!"

Hezroni akasema, "Mama Naomi, umechanganyikiwa."

Nikamtupia kuku kifuani. Nikamwambia, "Huyu amekula ambacho mngekula nyinyi. Kimetoka kwenye gari la Nickson."

Nikawaeleza yote pale pale korongoni. Mmoja akaenda pembeni akatapika. Halafu hao hao waliompiga wakavua mashati, wakakata miti, wakafunga machela, wakampandisha Lazaro hospitali wanapokezana. Sikuwashukuru. Mpaka leo nikikutana na Hezroni njiani sijibu salamu yake.

Lazaro yu hai. Jicho la kushoto limekwenda, mbavu zimevunjika, na akitaka kusimama lazima ashikiliwe. Vijana wa boma lake walikuja kesho yake na mikuki wakasimama ng'ambo ya korongo, na wa kwetu wakasimama upande huu. Polisi walikuwa hawajafika. Aliyewarudisha ni Nashipae. Alivuka peke yake, akapanda mpaka kwangu. Nilimpa kiti hakukaa. Nikamweleza kila kitu kuhusu ule mfuko na lambo, sikuficha.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia, "Watoto wangu wanakunywa pale." Nikasema najua. Akasema, "Basi sema hivyo hivyo mbele ya hakimu." Akaondoka. Maziwa haleti tena, nami sina uso wa kumuulizia.

Mfuko niliwakabidhi polisi kwa mkono wangu. Nickson walimchukua hospitalini na plasta yake. Hezroni na wenzake nao wana kesi yao. Ya Nickson itasikilizwa wiki ijayo, na aliyeuona ule mfuko ndani ya gari, na kusikia maneno ya Nickson mwenyewe, ni mimi tu.

Sasa nije kwenye ujumbe wako. Naomi alinisomea kwenye simu yake. Unasema umeshampata wakili, na kwamba mimi niseme ni dawa ya panya, mengine tutayamaliza nyumbani kama familia. Ukoo nao umekaa, wamesema hivyo hivyo. Eti mtu hamtoi nduguye serikalini. Nilipokataa, Mama alisema mbele yao wote kwamba nikienda kusema mahakamani, siku akifa nisikanyage kaburi lake. Tangu hapo haniiti jina. Akitaka maji anamwita Naomi.

Niliumia, Ebenezer. Nimeumia kuliko hilo jino. Mimi ndiye ninayemwogesha, ninayemtafutia mahali pa kukanyaga akienda uani, na leo ananiona adui kwa ajili ya mtu ambaye hajawahi kumbandikia hata chai. Nimelia jikoni mpaka nikajichukia. Lakini nitasema. Huyo wakili ni haki yake, wala sikukatazi. Ila mwambie asinitafute, wala asinipangie maneno. Na Probox njoo uichukue au uiuze, mimi siwezi kuingia humo tena.

Kuna jambo moja ninakuomba, na ndilo hasa lililonishikisha kalamu.

Unakumbuka desturi yetu. Chakula cha msaragambo hakishuki jikoni kabla mkubwa wa nyumba hajaonja. Siku ile kabla watu hawajafika, kabla mimi mwenyewe sijalamba mwiko, bakuli la kwanza lingekuwa lile la bluu. Alikuwa amelishika tayari. Alikuwa amenyoosha mkono.

Hajui. Kuhusu yule kuku, Mama aliambiwa ameliwa na kicheche. Sikumwambia, kwa sababu kwanza nilitaka kumkinga, na sasa hivi nikimwambia ataona ni maneno ya kumchongea Nickson. Wewe anakusikia, wewe ndiye mwanawe wa kusoma. Kabla ya kesi panda basi uje. Kaa naye jikoni, pale pale anapokaa, mshike mkono, umwambie. Ukishamwambia, kama bado atasema nisimzike, nitakubali.

Msalimie Diana, umwambie kitenge alichonitumia kimenifaa. Wabusu watoto. Naomi anakuamkia shikamoo, na shangazi Sifael anakusalimu sana, yeye peke yake katika ukoo mzima ndiye anayekuja kunitazama. Mungu awalinde njiani na mezani.

Salamu za Mama sikuletei, maana hakunituma.

Ni mimi dada yako nikupendaye, hata usipokuja,

Dorkasi.