Nyongo ya Habiba

Wodi ya Watoto Wachanga,
Dar es Salaam

Baba Shomari,

Assalaam alaikum. Nataraji wewe, Shomari na mama mmeamka salama huko Mbuchi, na nguruwe hawajauvamia mpunga. Bado mnalala dunguni kuulinda? Kikohozi cha Shomari kimekwisha? Mimi mzima. Habiba yu hai. Natanguliza hilo ili usome mengine bila haraka.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu tuligombana, na mtandao ukakatika sijamaliza. Ulisema, "Mtoto anageuka manjano mikononi mwao. Mtoe, mlete, mama atamchemshia dawa." Sikumtoa. Nitakueleza ilivyokuwa.

Unajua alipasuliwa siku ile ile tuliyofika kutoka Kibiti. Utumbo ulikuwa umejisokota, wakakata kipande kilichokufa. Hakuweza kunyonya, basi chakula chake kikawa kinapitia mshipani: mfuko mmoja wa maji ya sukari, na mwingine mweupe kama tui, ambao ni mafuta. Akaongezeka uzito. Halafu macho yakaingia umanjano, mkojo ukawa kama chai ya rangi, choo kikawa cheupe kama chokaa.

Nikamfuata daktari, mwanamke wa makamo. "Mnampa sumu mwanangu?"

Hakukasirika. Alivuta kiti tukakaa. "Mama Shomari, tumbo likikaa bila chakula, nyongo haishuki, inabaki kwenye ini. Na haya mafuta ya mshipani yakienda muda mrefu, ini linachoka. Huo ndio umanjano unaouona."

"Basi fungeni mifuko yenu."

"Tukiifunga yote leo atakufa kwa njaa. Tutapunguza mafuta, na tutaanza kumpa maziwa yako kidogo kidogo kwa mpira wa puani, tumbo lizoee kazi."

"Atapona?"

"Wengi hupona wakishaanza kula. Wengine ini huharibika. Siwezi kukuahidi."

Kwa kuwa hakuniahidi, nilimwamini.

Nikaanza kukamua. Maziwa yalikuwa yamekaribia kukauka, yalitoka ya kulowesha kijiko tu. Mara ya kwanza Habiba aliyatapika yote. Wakasimamisha, wakaanza upya. Kitanda cha jirani alikuwapo mama mmoja wa Bungu, mtoto wake ana manjano kama wetu. Tulikuwa tukikamua pamoja, tunasimuliana habari za nyumbani. Mtoto wake alifanyiwa yale yale, na amefariki. Sikufichi hilo. Nilimsaidia kufunga kanga zake, ndugu zake wakaja kumchukua. Siku hiyo nilikaribia kukutii.

Juzi asubuhi nilifungua nepi nikakuta choo cha kijani, kizito. Nilidhani ni ugonjwa mwingine, nikamwita muuguzi. Akaangalia, akacheka, akaenda kumwita daktari. Daktari akasema, "Nyongo imeshuka, Mama Shomari." Wodi nzima ikapiga vigelegele. Wanawake watu wazima, tunakishangilia kinyesi.

Macho bado yana manjano. Daktari anasema ini halirudi kwa siku moja, na mfuko wa mshipani hawajautoa wote. Kwa hiyo siji nyumbani sasa. Ni wewe utakayekuja, tena usije kutuchukua. Njoo ujifunze kumlisha kwa mpira, maana huenda akatoka nao, na huko kwetu hatuna muuguzi wa kumkimbilia kila saa.

Mwambie mama, kwa heshima zote, sijamdharau. Dawa yake ndiyo iliyoninyanyua nilipomzaa Shomari. Ila ini la mtoto huyu kwa sasa halihimili cha kuchemsha. Mwambie wewe mwenyewe, usimtume mtu.

Nisalimie kaka yangu aliyetuvusha kwa boti siku ile bila kuuliza neno, na mkunga wa zahanati aliyeona matapishi ya kijani akasema, "Hili si la hapa, nendeni." Shomari mbusu, mwambie mdogo wake ana nywele nyingi kuliko yeye.

Jana waliniruhusu nimweke kifuani. Alihangaika kutafuta titi, akalishika, akasahau kupumua, akapaliwa. Nikadhani ataacha. Akarudi mwenyewe, akavuta. Baba Shomari, nilitazama mlangoni kama mjinga, kana kwamba ungekuwa unaingia.

Mkeo,
Mwanahawa