Kikohozi cha Shangazi na Taya Lake

Chumbani kwa Shangazi,
Ghorofa ya pili,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. U mzima huko? Mgongo umeacha kukusumbua? Wifi na watoto hawajambo? Sisi ni wazima, na leo neno hilo naliandika bila kujikaza.

Shangazi alikohoa miezi minne. Alibadilishiwa dawa wee, kikohozi kikabaki palepale. Picha ya kifua ikaonyesha madoa matatu kwenye mapafu. Kifua kikuu kilipimwa mara mbili, hakikuonekana. Nyumba nzima ikanywea.

Daktari wa kifua alimwuliza, "Mama, umewahi kupasuliwa?"

"Sijawahi, mwanangu."

Nikadakia, "Shangazi, na taya je?"

"Lile lilikuwa jino tu."

Kaka, unalikumbuka jino hilo? Shavu lilifura kama ameficha limau, naye anashona sare za shule, pini kazibana kwenye midomo upande usiofura. Ukampakia kwenye baiskeli hadi hospitali, mimi nikaachwa nilinde cherehani. Aliporudi hakuweza kusema. Akituita kwa kugonga mkasi mezani, nasi tunacheka. Siku zile nazitamani, pamoja na hofu yake.

Nilipombana, akakiri: "Mlikuwa wadogo. Mtoto haambiwi uvimbe, anaambiwa jino." Akasema hivyo mpaka mwenyewe akaamini.

Kipande cha taya walichomkata wakati ule kumbe kilikuwa kimehifadhiwa ndani ya nta, stoo ya maabara ya hospitali, miaka ishirini na miwili. Wakatoa nyama kidogo pafuni kwa sindano, mtaalamu akavilinganisha kwenye darubini. Vikawa vya aina moja. Uvimbe wa taya, ambao ni nadra mno kusafiri, ulikuwa umehamia kifuani. Daktari anasema kabla ya hapo hakuwahi kuona kisa kama hiki kwa macho yake.

"Unakwenda polepole, kama konokono," alimweleza.

"Basi umekutana na kobe," Shangazi akajibu.

Wameshampasua. Madoa mawili yametoka. La tatu liko pabaya, watalichunguza kwa picha kila miezi sita. Hajapona kabisa, sikufichi. Ila juzi alipanda ngazi zote bila kushikwa mkono.

Anasema usitume chochote, njoo mwenyewe. Anataka kukufokea kwa kukaa miaka sita bila kuja, wakati pumzi ya kufokea bado anayo.

Baba Mdogo na fundi viatu wa chini wanakusalimu sana. Mungu akufungulie njia, akufikishe salama.

Wako akupendaye sana,
Kitindamimba wenu.