Koti la Siku ya Kumwoza Rukia

Malindi,
Jumatatu, baada ya alasiri.

Mama yangu mpenzi,

Assalaamu alaykum, na shikamoo nyingi. Naomba barua hii ikukute umekaa barazani umenyoosha miguu, na hiyo miguu yenyewe iwe imepungua maumivu. Baba vipi kifua chake? Bado anakohoa alfajiri, au tangawizi na asali vimemfaa? Mimi mwili mzima, alhamdulillahi. Nakula kidogo, nalala nikijaaliwa. Nimo ndani ya eda, sitoki, ndiyo maana nimepata kuandika. Kwa simu najaribu, lakini kila ukisema "mwanangu" sauti yangu hukatika, na wewe unadhani ni mtandao.

Umeniuliza zaidi ya mara moja Athman aliishije siku zake za mwisho, nami nikakujibu tu kwamba alikuwa na afadhali. Ammi Bakari alipokuja kwenye hitima najua alirudi Faza akakueleza aliyoyaona, lakini yeye alikuta kila kitu kimekwisha. Acha nikuhadithie mwenyewe.

Unamkumbuka mkweo alivyokuwa akivaa. Siku aliyokuja kuniposa ulisema mwanamume huyu amepigwa pasi pamoja na suruali yake. Alikuwa akifanya kazi mapokezi katika hoteli ya ufuoni, na hata hoteli ilipofungwa akawa anawaangalizia watu nyumba zao, kuvaa vizuri hakuacha. Wala dukani hakununua. Nguo zake zote zilikuwa za mitumba, na alizitafuta bila haraka hata kidogo. Atalichukua shati alipindue, atazame kwapani, avute kola, asome bitana, kisha alinuse. Suruali ataielekeza kwenye mwanga aone kama kitako kimechakaa. Akipenda alisema, "Hii ilivaliwa na mtu mwenye heshima zake," utadhani amewahi kukutana na huyo mtu. Mimi nilikuwa nikienda naye nimshikie mfuko, tukirudi njiani tunacheka.

Kisha ikaja hii ya koo. Alianza kukwamwa na wali, baadaye na mkate hata uliochovywa chai. Tukaenda hospitali Kilifi, Kilifi wakatupeleka Mombasa, na Mombasa wakatutajia jina la ugonjwa. Sitaliandika, unalijua.

Basi suruali zikaanza kumvuka. Nikatoboa mkanda kwa msumari wa moto, nikatoboa tena. Ijumaa moja alitoka kwenda msikitini, akarudi kabla hajafika kona. Nikamuuliza, "Umesahau nini?" Akakaa kitandani. "Watu wananiangalia kama nimevaa nguo za kuiba," akasema. Tangu siku ile akakataa kutoka. Mama, yule aliyekuwa akimsalimia kila mtu mtaani, mpaka nikimwambia chakula kinapoa, sasa akawa anakaa chumbani na kuuliza nani amepita nje.

Nikaenda soko la mitumba peke yangu. Kuna mwanamke anaitwa Dama, Mgiriama, anakaa mtaa wa Kisumu Ndogo hapa hapa Malindi, anauza nguo za kiume. Athman alikuwa mteja wake wa miaka. Akaniuliza, "Leo mzee umemwacha wapi?" Nikamweleza. Akaweka chini shati alilokuwa akilikung'uta. "Pore, mwenehu," akaniambia, kwa lugha yao, kama ningekuwa ndugu yake. Kutoka siku hiyo, kila akifungua robota jipya alikuwa akiniwekea pembeni zile za kwanza kwanza, ambazo wao huziita kamera, akinipigia simu kabla wachuuzi wengine hawajafika.

Athman kiuno chake kilikuwa thelathini na sita. Mimi nikanunua thelathini na nne, na kabla sijafika nyumbani nikaikata ile nambari kwa wembe. Nikamwambia ni kipimo chake kilekile, ile ya zamani ndiyo iliyolegea kwa kufuliwa. Akavaa, akajigeuza kwenye kioo, akatia mkono mfukoni. Kisha akaenda msikitini. Nilisimama dirishani nikamwona anampa mkono muuza kahawa, nikamshukuru Mungu kwa suruali.

Lakini haikuchukua muda nayo ikamvuka. Nikaenda tena, nikakata nambari tena. Nikawa nazijua nguo kama yeye, Mama. Nilikuwa naweza kupitisha mkono kwenye rundo nimefumba macho nikajua pamba ni ipi na nailoni ni ipi. Nilitafuta zilizo nzuri tu, kwa sababu angevalishwa kitu hafifu angejua kwamba tumeanza kumkatia tamaa. Mpaka ikafika siku nimepekua rundo lote la wanaume sikupata. Dama alinishika mkono akanipeleka kwenye rundo la watoto wa kiume, akageuka upande wa pili kama anayetafuta kitu, ili nichague bila kutazamwa.

Wakati huo posa ya mjukuu wako Rukia ilikuwa imeshakubaliwa, na Athman mwenyewe ndiye aliyetaka nikaha iharakishwe. Sauti yake ilikuwa imebaki mnong'ono. Yusufu, ndugu yake, akaja kumwambia, "Kaka, nipe uwakala niozeshe mimi. Sheria inaruhusu, na wewe utakuwa umekaa pale pale."

Athman akatikisa kichwa. "Binti ninaye mmoja," akasema. "Nitamwoza kwa kinywa changu."

Na mwenye kuoza hapa kwetu hukaa na kanzu na koti juu yake. Nikatoa makoti yake yote sandukuni. La kwanza lilimning'inia kana kwamba bado liko kwenye kiango. Hakujaribu la pili. Alilivua, akalikunja mwenyewe, akaniambia kanzu peke yake itatosha. Nilimjua. Alikuwa anajitayarisha kuona haya mbele ya wakwe zake.

Nililitafuta koti lile Malindi nzima. Nikakuta yaliyong'aa viwiko kwa kuchakaa, yaliyotafunwa na nondo, mengine vitambaa vyepesi vya kulia kama karatasi. Mazuri yote yalikuwa ya watu wazima wenye afya zao. Dama akaniambia binamu yake aliyeko Kilifi anafungua robota la makoti, twende. Tukaondoka mapema. Robota lilipokatwa kamba, watu waliliangukia wote kwa pamoja, nami na buibui langu nikajipenyeza mpaka mbele. Nikavuta mkono mmoja wa nguo, ukaja na koti zima. Buluu ya kukoza, sufu kweli, bitana ya hariri haina hata nukta, vifungo vyote vipo. Kwenye mfuko wa kifuani palikuwa na vitundu vya sindano, nembo ya shule ilikuwa imebanduliwa. Mtoto wa mtu huko Ulaya alilivaa kidogo, akarefuka, wakalitoa.

Sikuwa na kipimo cha Athman cha siku ile, maana alikuwa anapungua kila nikimshika. Nikalivaa mwenyewe, juu ya buibui. Mama, lilinitosha. Mabega yakakaa, mikono ikaishia kwenye kifundo. Nilisimama pale katikati ya watu nikifikiri ni mabega gani haya niliyokuwa nikilalia miaka yote, yakinizidi upana karibu mara mbili, na sasa yamekuwa sawa na yangu. Mwanamke mmoja akacheka, "We mama, hilo la kiume hilo!" Ndipo nikalia. Dama akanikinga kwa mwili wake, akamwambia yule, "Mwache. Analipima."

Asubuhi ya nikaha nilimwogesha, nikamvisha kanzu nyeupe niliyoipunguza kwa sindano, nikampa kofia yake ya kazi ya mkono, kisha nikamvalisha lile koti. Nambari ya shingoni nilikuwa nimeikata. Akanyoosha mkono kutia tasbihi kwenye mfuko wa ndani, ukakawia humo. Akavuta nje kitambaa kidogo kilichoshonwa mle, akakisogeza machoni. Sikujua kwamba mle ndani kulikuwa na kipimo kingine.

"Miaka kumi na mitatu," akasoma.

Nilikuwa nimepiga magoti nikimnyoosha kanzu, nikabaki pale pale.

"Mama Rukia, inuka," akanong'ona. "Nilijua tangu suruali ya kwanza. Uliacha nyuzi."

"Mbona hukuniambia?"

Alipumzika kwanza, kuzungumza kulikuwa kunamchosha. "Ningekwambia, ungeacha kwenda sokoni. Na kule ndiko ulikokuwa ukipata hewa. Ukirudi ulikuwa na mambo ya kunihadithia."

Nikamwegemea kifuani, polepole nisimuumize. Akanipapasa kichwa. Kisha akasema, "Haya, nifunge vifungo. Watu wanangoja."

Yusufu akamshika kwapa wakaenda. Sisi wanawake tulibaki nyumbani na Rukia, msikiti si mbali, na nikaha ilikuwa ikisikika kwa kipaza sauti. Tulimsikia sheikh akisoma hotuba. Kisha kimya. Kimya kikawa kirefu, wanawake wakaanza kutazamana, na Rukia akanishika mkono akaubana mpaka pete ikaniingia. Nikadhani ameanguka. Halafu tukasikia pumzi kwenye kile kipaza sauti, pumzi tu, na ndani ya pumzi maneno, moja moja: "Nimekuoza… binti yangu… Rukia." Mahari akayataja pia, hakuruka kitu. Bwana harusi akajibu kwa haraka kubwa, masikini, kama anayeogopa kumchelewesha. Vigelegele vikapigwa. Rukia hakupiga wala hakulia. Alisema tu, "Amesema mwenyewe."

Yusufu aliniambia baadaye Athman alikaa wima mpaka dua ya mwisho, na wakwe walipompa mkono mmoja wao alilisifia koti akamuuliza kalishonesha wapi. Akamjibu, "Mke wangu ndiye anayejua."

Baada ya hapo hakutoka tena. Hata uji ukakataa kupita. Alifariki asubuhi, mimi nikimlowesha midomo kwa pamba, Rukia akimsomea Yasini upande wa pili. Alikuwa na macho wazi, ananitazama, kisha akawa hanitazami. Tulimzika baada ya alasiri. Sanda ndiyo nguo pekee ambayo sikwenda kuitafuta mimi, ilikuja na watu, nami sikuigusa.

Nguo zake nimezitoa sadaka kama mlivyoniagiza. Zile kubwa za zamani alichukua Yusufu. Zile ndogo, Dama alipokuja kunipa pole nilimwambia arudi nazo akaziuze, zote ni nzima. Alizikataa. "Hizi siwezi kuzipigia kelele sokoni," akasema. Amezipeleka kwao bara kwa watoto wa dada yake. Koti nimempa imamu, ana mwanawe mdogo anayemaliza chuo cha Kurani. Nilimwona mtoto huyo dirishani Ijumaa iliyopita, amelivaa, anakimbia. Nikafunga dirisha.

Unaniambia eda ikiisha nirudi nyumbani moja kwa moja. Nitakuja, Mama, nilaze kichwa mapajani mwako nikae mpaka nichoke. Lakini nitarudi Malindi. Rukia yuko hapa, na kaburi liko hapa, na bado sijalizoea.

Nisalimie baba sana, mwambie namwombea kifua. Nisalimie ammi Bakari, namshukuru kwa safari ile ndefu aliyoifunga kwa ajili yangu. Shangazi Mwanaisha, mpika halua wetu, mwambie sanduku lake lilifika na wafiwa walikula wakamwombea. Na mwalimu wangu wa chuoni, kama haoni tena, msomee hii sehemu umwambie dua zake nazihitaji.

Nimesikia kaka Shee anaomba nimtafutie suruali za kazini, kwamba mitumba ya huku ni mizuri kuliko ya Lamu, na kwamba wewe umemkemea asinisumbue katika msiba. Usimkemee. Sijui kama miguu itanipeleka mpaka kwenye meza ya Dama, na nikifika sijui mikono itafanya nini. Pengine nitarudi njiani. Lakini mwambie anitumie kiuno chake na urefu wa mguu, na anitajie rangi anayoipenda. Eda ikiisha nitajaribu kwenda.

Mwanao akupendaye,
Mwanaidi