Swali la Saba

Rugerero, Gisenyi
9 Machi 1999

Dada Verediane, Kaka Gasana, wapiganaji wenzangu katika vita vya goti la Mama,

Nawasalimu kwa heshima mnayostahili kama wakubwa zangu. Natumaini barua hii itawakuta wote wazima huko Goma, na kwamba kikohozi cha Kaka kimepungua. Mimi ni mzima. Mama anakula, analala, anawasalimu. Kutembea ndiko asikoweza.

Mliniagiza, kwa kuwa ndimi niliyepelekwa Butare kusoma kemia, niandike mashitaka dhidi ya muuguzi Ildephonse, nanyi mtie sahihi, ili afungwe kwa kumlemaza mama yetu. Siku ya nne leo niko mbele ya karatasi. Someni hii badala yake, wala msiiache katikati.

Mnakumbuka jinsi gegedu la goti lake lilivyosagika hata mifupa ikasuguana, akaacha kuvuka mpaka kuuza mboga zake. Ildephonse, katika zahanati yake ya Mahoko, alitueleza kwamba kuna sindano za asidi ya hyaluroniki, yaani ute ule unaolainisha kiungo, na kwamba anazo aina mbili. Moja ni nyepesi. Hutengenezwa kwa bakteria, na huchomwa mara tano, kila wiki moja. Nyingine ni nzito, molekuli zake zimefungamanishwa kama wavu, hukaa gotini muda mrefu zaidi, na huchomwa mara tatu tu. Hiyo hutokana na vilemba vya majogoo, ile nyama nyekundu ya utosini. Alikiri kwamba hajaona uthibitisho kuwa moja hutuliza maumivu kuliko nyingine. La muhimu ni mwili wa mgonjwa unakubali ipi.

Nilimhutubia nusu saa juu ya uzito wa molekuli, mbele ya wagonjwa wake, nikamwita mchoma mishikaki. Hakukasirika. Alinipa fomu ya maswali ya Kifaransa, akaniambia kwa Kiswahili chake cha Goma kwamba bon, we iko musomi, donc enda uulize mama polepole, hii karatasi haiko ya muchezo.

Nikachagua ile nzito.

Ninyi na mimi tulikua ukimbizini Karagwe tukimwona Mama akihama jikoni kila lilipopikwa yai. Tulisema ni miiko ya wazee. Mimi nilizidi: Pasaka iliyopita nilimwita Adui wa Jogoo mbele ya wageni, nikatangaza kwamba Rwanda mpya haitajengwa na wanawake wanaoogopa mayai. Wageni walicheka. Mama naye alicheka, kwa kuwa aliyesema ni mwanawe msomi.

Sindano ya kwanza ilipita salama. Baada ya ya pili goti lilivimba, na Ildephonse akataka tusitishe sindano. Nilimjibu kwamba mama yangu amezoea kulalamika, naye Mama nikamwambia kwamba waliotukomboa hawakuhesabu uvimbe. Baada ya ya tatu midomo ilimfura na pumzi zikamkatika kabla hatujafika barabarani. Hospitalini walimwokoa roho. Goti walilinyonya maji mara mbili, kisha likatunga usaha, na sasa limenyooka kama gogo.

Yaliyofuata mliyaona kwa macho yenu. Nilipanda juu ya kreti la bia sokoni Mahoko, nikamwita Ildephonse muuaji, na vijana wakampigisha magoti juu ya kokoto nyeusi za volkano tangu asubuhi hadi adhuhuri. Kaka, wewe ulimwekea tofali begani. Dada, wewe ulimwuliza kama goti linauma au tumletee sindano. Mama aliomba abebwe akaone, tukambeba. Na mtu yule, damu ikimtiririka miguuni, alirudia neno moja tu, kwamba iko karatasi, tutafute karatasi. Hatukuiona.

Karatasi ninayo mimi. Niliichomoa katika faili lake siku Mama alipolazwa.

Swali la saba linauliza kama mwili wa mgonjwa huwa unakataa mayai, kuku au manyoya ya ndege. Nilimsomea Mama jioni akichambua maharage. Alinieleza kwamba alipokuwa na miaka kumi masista wa misheni walimlisha yai, koo likaziba, wakamwita mama yake aje kumzika. Tangu hapo yeye na kuku hawapatani. Nilimsikia. Nilimwelewa pia, kwa maana mwanakemia hawezi kukosa kuelewa. Nikaandika hapana, kwa wino, kwa mwandiko mnaoufahamu.

Sindano tano zingepitiliza siku ya kufunguliwa kwa chuo. Tatu zilitosha ndani ya likizo yangu. Hiyo ndiyo sababu, wala sitaipamba. Ile nyepesi ilikuwa palepale rafuni.

Wasalimieni watoto, na mashemeji, na jirani yenu Nyirahabimana aliyetuma sabuni kwa mgonjwa. Mama hajui bado. Nitamwambia Jumamosi, nikiwa peke yangu naye.

Kikao cha kutia sahihi hakipo tena. Badala yake tutakutana Jumapili hii, tarehe 14, saa tisa alasiri, uani kwa Ildephonse, mbele ya watu walewale wa soko. Fomu nitakuja nayo. Mama atakuwepo akikubali kubebwa na mimi. Anayetaka kunitetea asije.

Mdogo wenu,
Wellars