Shina Katika Glasi ya Maji

Keringet,
14 Juni

Baba mpendwa,

Chamgei mising, salamu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta na nafuu, na kwamba mkono wa kushoto uliopooza umeanza kushika kikombe. Dada Jemutai ameniambia huko Nakuru unailalamikia chai yake, ati ni maji yaliyoonyeshwa maziwa kwa mbali. Nikacheka, nikajua bado ni wewe. Sisi huku tu wazima. Yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike, na mvua imenyesha hadi barabara ya Molo inapitika kwa kubahatisha.

Utashangaa kwa nini naandika na kila Jumapili tunaongea kwa simu. Ni kwamba ukiniuliza viazi vinaendeleaje, mimi husema salama, nawe unafurahi, nami nashindwa kurudi nyuma. Karatasi hainiulizi kitu.

Viazi si salama, Baba. Mnyauko umeingia. Ulianzia kwa Mama Jerotich, yule mjane wa pale chini ya kanisa. Mimea yake ilikuwa imefika magotini, kisha siku moja ikainamisha vichwa kama iliyomwagiwa maji moto, na huku mvua inanyesha. Baada ya wiki mbili majirani wanane walikuwa wanalia kilio hicho hicho. Afisa wa kilimo alikuja, akachimba, akakata kiazi na kukiminya, kikatoa usaha. Akasema wang'oe kila kitu na wasipande viazi humo kwa miaka mingi, maana ugonjwa hukaa udongoni. Mama Jerotich, ambaye shamba lake lote halifiki ekari, aliuliza miaka mingi ni mingapi.

Wote tisa walichukua mbegu kwetu.

Walipokuja Machi na punda wao hawakukagua chochote. Walisema kwa mzee hakukaguliwi. Nani angewalaumu? Kwa miaka thelathini, kabla ya kuvuna mbegu, ulikata shina kutoka kila pembe ya shamba ukalisimamisha kwenye glasi ya maji safi pale mezani, nasi sote tukaizunguka kama walio kwenye maombi. Uzi mweupe wa usaha ukishuka majini, hakuna mbegu mwaka huo. Nikiwa darasa la sita ulishuka kutoka shina moja tu, ukakataa kuuza mbegu za shamba zima. Tulikula viazi asubuhi na jioni, nami nikaenda shule na sare ya viraka. Mama alilia. Wewe ulisema anayempa mtu mbegu mbaya amemnyima kesho yake, na hakuna pole inayoirudisha.

Januari, wewe ukiwa bado hospitalini, nilikata mashina yetu mimi mwenyewe. Nilitumia glasi ile ile.

Uzi ulishuka, Baba. Si kutoka shina moja. Mawili.

Nilikaa nikiutazama mpaka maji yote yakawa na ukungu. Nilimkumbuka baba mdogo Kipchirchir akisema shamba la mbegu haliachiwi msichana, na jinsi ulivyomkatalia mbele ya ukoo mzima. Huo ndio ulikuwa msimu wangu wa kwanza. Sikuweza kuwaambia watu kwamba mwaka huu hakuna mbegu na wao waseme mnaona. Nikamwaga maji, nikaiosha glasi kwa sabuni, nikairudisha kabatini. Ile mimea iliyonyauka niliing'oa nikaifukia nyuma ya zizi.

Laiti ningeishia hapo. Mwezi jana, baada ya ibada, watu walinibakiza kanisani wakaniuliza kama shamba lilipimwa. Nikasema lilipimwa. Wakauliza na nani. Nikasema ulipima wewe mwenyewe, siku chache kabla ya kuanguka, ukaniambia ni safi.

Hakuna aliyepaza sauti. Mzee Kipkoech alisema maskini, pengine macho yako yalikuwa yameshaanza kuchoka na hakuna aliyejua. Wakasimama wakakuombea. Mama Jerotich alinishika mkono akanisihi nisikuambie, usije ukafa kwa huzuni. Wamekusamehe, Baba, kosa ambalo hukulifanya, nami nikainamisha kichwa nikaitikia amina.

Tangu siku hiyo nimejaribu mara mbili kusimama kanisani niseme ukweli, na mara zote mbili nimejikuta nimeketi. Sitakudanganya kwamba nitajaribu mara ya tatu. Hata nikisema, mashamba ya watu hayatapona. Ulipenda kusema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nimeficha na uliyeumbuka ni wewe. Ukirudi Desemba watakupokea vizuri sana, watakuletea kiti, na hakuna atakayekuuliza tena habari ya mbegu. Hapo ungejua kuna kitu. Ndiyo maana nimetaka ukisikie kwangu.

Nisalimie Jemutai na watoto wake. Bravin wa lori atakuletea barua hii pamoja na kibuyu cha maziwa ya mursik na nusu gunia la viazi. Jemutai aliniambia umeomba viazi vyenye macho uvipande kwenye ndoo hapo nje, mkono upate kazi. Hivi ni vya shamba letu, na sina vingine vya kukupa. Vikipikwa havina madhara, kuleni. Lakini tafadhali, Baba, usipande hata kimoja.

Ni mimi binti yako,
Chepkemei