Baragumu la Baba

Mhezi, 13 Februari 1983

Kwako Anaeli,

Salamu kutoka nyumbani. Sisi wazima, baba anakohoa kikohozi chake kile kile. Kama nawe u mzima, vizuri, maana nina maneno na mtu mzima.

Ulisema unateremka Same kutafuta sukari. Sukari hatukuiona, na kigingi cha ukutani kwa baba ni kitupu. Nilimwambia labda ni panya. Panya gani anabeba pembe ya tandala yenye urefu wa mkono?

Umeacha ukarani, kazi ambayo baba alikuombea kwa magoti, ukakimbilia Dar es Salaam kupiga magitaa na wahuni. Hilo ni lako. Baragumu si lako. Ndilo linaloita kijiji kizima kwenye kazi ya msaragambo. Bila msaragambo hakuna wa kuzibua ndiva wala kujenga tuta lake, na bila bwawa lile hatuli. Unayajua haya, umekulia chini yake.

Lirudishe.

Dada yako,
Raheli


Dar es Salaam, 2 Aprili 1983

Dada Raheli,

Shikamoo. Natumaini hujambo, na baba hajambo. Mimi naendelea, ila unga wa njano umenichosha.

Kwanza, si wahuni. Ni Hamdani wa ngoma na Iddi wa gitaa la besi. Bendi zote hapa ni za mashirika. Wapigaji wanalipwa mwisho wa mwezi kama makarani na kuimba wanachoambiwa. Sisi hatuna shirika. Magitaa ni yetu, nyimbo ni zetu, na njaa ni yetu. Tunapiga roki, kwa Kiswahili. Mwezi mzima watu walituzomea. Kisha siku moja nikapuliza baragumu kabla ya kuanza, baa nzima ikasimama. Wimbo wenyewe unaitwa "Mlioitwa", na sasa wanauomba mara tatu katika kila onyesho.

Baba halihitaji kabla ya Septemba. Nitalileta mwezi wa nane.

Mdogo wako,
Anaeli


Mhezi, 29 Agosti 1983

Anaeli,

Hatujambo. Mwezi wa nane unaisha.

Juzi Jumamosi Nicolaus wa dukani alianika betri zake juani ziamke, akafungua redio, mara baragumu la baba likalia. Bibi Priska, na umri wake ule, akachukua jembe. Wazee kumi na mmoja wakamfuata mpaka ndiva. Walikaa hadi mchana wakimsubiri baba aje awagawie kazi, na baba yuko shambani, hana habari. Alipofika akaambiwa, "Mwanao ametuita kutoka Dar." Watu walicheka sana. Yeye hakucheka, na tangu siku hiyo hajatoka hata kwenda ibadani. Na vijana sasa wakisikia baragumu wanakatika viuno.

Tuta lina ufa unaoingia ngumi yangu. Vuli haingoji bendi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na wewe wamekusifu mno. Lilete kabla ya mwezi wa kumi.

Dada yako,
Raheli


Dar es Salaam, 5 Oktoba 1983

Dada Raheli,

Shikamoo. Poleni kwa yaliyotokea, ila mimi sikumwambia Bibi Priska achukue jembe.

Siwezi kulileta. Huku mgambo wanakamata kila asiye na kitambulisho cha kazi, na sisi hatuna mwajiri. Hamdani amekaa rumande siku nne. Kinachotuokoa ni jina, na jina letu ni baragumu. Picha yake ipo kwenye mabango, na tuna maonyesho Tanga, Moshi na Arusha.

Nami nikuulize: kwa nini baba hakunifundisha? Nilijifunza kwa kuchungulia mashavu yake. Nilimwomba mara tatu, akasema pembe haishikwi na mtu wa mchezo. Haya, sasa nchi nzima inamsikia huyo mtu wa mchezo.

Natuma kaseti. Nimepuliza mwito wa msaragambo mara ishirini. Wekeni kwenye redio ya Nicolaus, fungueni sauti mpaka mwisho. Hakuna tofauti.

Mdogo wako,
Anaeli


Mhezi, 20 Novemba 1983

Anaeli,

Sikuulizi hali.

Mvua ilinyesha siku tatu. Asubuhi ya nne baba aliona tuta linavuja. Nikakimbia na kaseti yako kwa Nicolaus. Betri zilikuwa hazijaona jua siku zote hizo, na mpya hakuna wilaya nzima. Baragumu lako likalia kama ng'ombe anayekata roho, mara mbili, likanyamaza. Waliolisikia walidhani ni wimbo. Baba akapanda kwenye jiwe lake la kupulizia akaita, mikono mdomoni, mpaka akatema damu. Tulifika watu sita. Watu sita hawazuii ndiva.

Maji yamechukua mahindi ya bonde lote la chini, na jiko la Bibi Priska pamoja na mbuzi wake. Yeye tulimkuta ameng'ang'ania mgomba. Udongo wetu sasa uko tambarare, waulime Wamasai. Sauti ya baba haijarudi, ananong'ona tu. Neno lake la kwanza lilikuwa kwamba basi lenu likipita Same, lisisimame.

Nami nasema hivyo hivyo.

Raheli


Same, 7 Septemba 1988

Dada Raheli,

Shikamoo. Sijui mnaendeleaje, barua zangu nne katika miaka hii mitano hazikujibiwa.

Bendi imekufa. Bidhaa za nje ziliporuhusiwa, kila baa ilinunua redio kubwa na kaseti za Ulaya, nani tena atulishe sisi na ngoma zetu? Hamdani anauza mitumba. Iddi aliuza gitaa, akatoweka. Onyesho la mwisho lilikuwa Lembeni, mbele ya watu tisa, na wawili kati yao walikuwa wanangoja treni.

Nilichukua baragumu kutafuta jina, na jina limekwisha. Nilijua nimewakosea hata nilipokuwa nabishana nawe. Naona aibu, dada, aibu inayoninyima usingizi.

Baragumu nimempa Meitamei, anayepandisha mbuzi huko kuuza, awaletee. Mimi niko hapa stendi, sithubutu kupanda. Mwulize baba kama nije.

Mdogo wako,
Anaeli


Mhezi, 12 Septemba 1988

Anaeli,

Marahaba.

Limefika. Baba alilifuta kwa shati, akalipeleka mdomoni, ikatoka pumzi tupu. Meno ya mbele hana tena. Siku hizi tunaitwa kwa kipande cha reli kilicholetwa kutoka Lembeni, Nicolaus anakigonga kwa nyundo, na wanakuja nusu. Tuta tulilijenga upya, lakini halijawahi kuwa lile.

Sijakusamehe, usijidanganye. Bibi Priska naye bado, na ana fimbo.

Nilimwuliza baba kama uje. Alimaliza chai yake kwanza, kisha akanong'ona jibu. Alhamisi reli haitagongwa. Utapanda kwenye jiwe lake, ulipulize wewe. Wakija, utachimba nao. Wasipokuja, utachimba peke yako, naye atakaa hapo akikuangalia.

Njoo na jembe. Lako lilikwenda na maji.

Dada yako,
Raheli