Kumbukumbu ya Baba yetu Gozbert Kaijage, Aliyetaka Msonge wa Kuingia Wima

Ni mwaka mmoja sasa, Baba, tangu fundi Mwinshehe alipotandika turubai juu ya nguzo zako, na turubai bado ni lile lile.

Ulitaka msonge nyuma ya nyumba, hapa Goba, wa kupumzikia jioni na wageni wako. Mwanao Brightson akisema gazebo ulicheka. Mwinshehe akisema banda ulinuna: "Banda ni la kuku, fundi." Ulipima kivuli kwa kiti cha plastiki, ukikihamisha kila jua liliposogea, na kukaa hapo hapo kwenye mchanga ukijifanya tayari una paa.

Ugomvi wenu na Mama ulikuwa mmoja tu. Yeye alitaka makuti yashuke chini, kama paa la misonge ya kwao Bukoba, mtu aingie akiinama. "Baba Gladness, nyumba ya heshima inainamiwa." Nawe, na urefu wako ule, uliyejigonga kwenye milango ya nusu ya mtaa, ukamjibu: "Nimeinamia meza ya ukarani miaka yote. Kwangu siinami." Nguzo zikasimamishwa ndefu. Mama akasusa, chai akakuletea hata hivyo.

Makuti yalikuwa yaje Jumamosi. Wewe ukaondoka Alhamisi, usingizini, bila kuugua.

Siku ya kukuaga, jeneza halikuweza kukata kona ya sebuleni. Ndipo Mwinshehe akatandika turubai juu ya nguzo, tukakulaza pale kabla ya safari ya Bukoba. Wabebaji walipita wima. Jirani yako Venance akasema, "Mzee kaingia bila kuinama." Mama akacheka. Sisi wanao hatukucheka wala hatukulia. Tuligawa chai, tukapanga viti, tukapokea pole. Watu walisema tumejikaza. Hatukujikaza, Baba, tulikufa ganzi. Mwaka mzima tumepita pale na ndoo za nguo za kuanika, nguzo tunaziona, na hatusikii kitu.

Wiki iliyopita Mwinshehe alikuja na msumeno.

"Shikamoo, Mama. Makuti yapo. Sasa uamuzi ni wako. Nikate nguzo, paa lishuke kama ulivyotaka?"

Mama akasimama katikati, akainua mkono juu kabisa, pale kichwa chako kilipokuwa kikifika.

"Usikate," akasema. "Baba Gladness atajigonga."

Hapo ndipo tulipolia.

Jumamosi hii makuti yanapanda, na misa ya kukuombea itasomwa humo humo. Ndugu na majirani, karibuni.

Unakumbukwa na mkeo Apolonia, wanao Gladness, Brightson na Praygod, mkweo Ansbert, wajukuu zako wote, jirani yako Venance, na fundi Mwinshehe, ambaye siku hizi naye anasema msonge.

Daima tutakukumbuka, Baba. Kwako hatainama mtu.